Kabla Kijiji Hakijakubali Shamba la Michikichi

Kwa kuwa nimekuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji wilayani Muheza na machungwa ndiyo yaliyonisomeshea watoto, vijana wanaosikia habari za michikichi ya Kigoma huniuliza kama nasi tumkaribishe mwekezaji. Jibu langu huanzia kwenye tunda lenyewe. Mkungu wa chikichi ukishakatwa unatakiwa kufika kiwandani ndani ya saa 24 hivi, kwani ukichelewa asidi huongezeka na mafuta hupoteza ubora; kwa hiyo mwenye kiwanda ndiye mwenye kauli. Sisi wa Muheza jambo hilo tunalifahamu, maana dalali wa machungwa huegesha lori na kungoja, akijua nani atachoka kwanza. Hata hivyo chungwa huvumilia mtini kwa muda na huenda mnunuzi mwingine akatokea, ilhali mkulima wa chikichi mwenye kiwanda kimoja tu jirani hana nafasi hiyo, na mti wake ni wa miaka 25 hivi.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba kanuni ya kupanga bei iandikwe ndani ya mkataba na ifuate bei ya mafuta sokoni, mzani uhakikiwe na Wakala wa Vipimo, na makato ya miche na mbolea yaonekane kwenye stakabadhi ya kila mkulima. Ushirika ukiweza kumiliki mashine yake ya kukamua, hata ndogo, mazungumzo na mwekezaji hubadilika kabisa.

Kuhusu ardhi sina kigugumizi: isihaulishwe, yaani isitolewe kwenye ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla, iliyo chini ya serikali. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, mkutano mkuu wa kijiji huamua uhaulishaji usiozidi hekta 250, na zaidi ya hapo uamuzi ni wa Waziri. Ikishakuwa ardhi ya jumla, kufa kwa mradi hakuirudishi kijijini. Mkoani Tanga tuliona bei ya mkonge ilipoanguka: mashamba yaligeuka pori, huku wajukuu wa manamba, wale vibarua walioletwa kukata mkonge, wakikosa pa kulima. Ni afadhali wanakijiji wabaki na mashamba yao na kulima kwa mkataba, wakiwa na hati za kimila zenye jina la mke pamoja na la mume, kwa sababu fidia na malipo humfuata mwenye jina.

Mvua nayo ina neno lake. Mchikichi hupenda karibu milimita 2,000 kwa mwaka, zilizosambaa vizuri, nasi pwani hatuzipati. Mwekezaji makini atatazama miteremko ya Usambara Mashariki, palipo na misitu na vyanzo vya mto Zigi, ambao jiji zima la Tanga linaunywa. Huko hapaguswi. Kwingineko, mita 60 kutoka mtoni zibaki bila kulimwa kama sheria ya mazingira inavyotaka, maji machafu ya kiwanda yasafishwe kwenye mabwawa, na mikungu iliyokamuliwa irudishwe shambani kuwa matandazo.

Familia nayo ile nini kabla ya mavuno ya kwanza, ambayo huja mwaka wa tatu au wa nne? Mkataba uruhusu maharage na mahindi kati ya mistari hadi kivuli kifunge. Na usomwe kwa Kiswahili, nakala ikiwa imebandikwa ofisi ya kijiji kabla ya mkutano mkuu. Ikiletwa siku hiyohiyo ya mkutano, mwenyekiti aahirishe.