Njano ya Zion haiuzwi dola 39

Swali: Shikamoo fundi. Naishi Salt Lake City. Wiki ya kwanza ya Novemba nilikwenda Zion, ile hifadhi ya taifa ya hapa Utah, na kamera, lenzi ya milimita 24-70 na tripodi, kupiga miti ya kotonwudi, ambayo majani yake hugeuka njano, kandokando ya Mto Virgin. Kwa macho ilikuwa dhahabu tupu. Kwenye kompyuta nimekuta mambo mawili. Majani mengi yamefubaa, yana weupeweupe juu kana kwamba yamepakwa majivu. Na yale yaliyopigwa na jua yamekuwa baka moja la njano, huoni mshipa wala ukingo wa jani. Nilipiga RAW (faili ghafi yenye kila kilichonaswa na kamera) pamoja na JPEG (picha iliyokwisha kutengenezwa na kamera yenyewe). Rafiki ananishauri ninunue pakiti ya priseti, yaani mipangilio ya rangi iliyotengenezwa tayari, za "vuli ya dhahabu" (vuli ya huku, majira ya majani kugeuka rangi), dola 39, anasema zinarudisha rangi. Ninunue, au tatizo ni lenzi?

Jibu: Marahaba. Usinunue, na lenzi yako haina kosa.

Swali hili hunifikia kila mwaka, kuanzia mwisho wa Septemba miti ya aspeni ya kule milimani Guardsman Pass inapogeuka njano, mpaka katikati ya Novemba kotonwudi za Zion zinapomalizia. Kinachobadilika ni jina la korongo tu. Na karibu kila mara nyuma ya muulizaji yupo rafiki mwenye pakiti. Mambo ya kuwahi alfajiri na kuchagua wiki ya kwenda nayaruka. Ulifika kwa wakati wake, tripodi ulikuwa nayo.

Kinachonikera ni imani kwamba kamera huleta picha isiyo na rangi, kisha rangi inatiwa nyumbani kama binzari kwenye mchuzi. Wewe una magonjwa mawili, na kila moja lina asili yake. Weupeweupe ni mng'ao. Baka la njano ni rangi iliyofurika. Priseti inafanya kazi moja: inakoza. Ukikoza picha yenye mng'ao utapata majivu ya rangi. Ukikoza picha iliyofurika, unafuta hata kile kidogo kilichobaki.

Tuanze na majivu. Siku nyingine ukiwa pale mtoni, okota jani moja la kotonwudi, liweke kiganjani na uligeuzegeuze taratibu. Jani hilo lina ngozi ya nta. Kwa pembe moja unaona njano yenyewe, yenye mishipa na madoa ya kahawia. Ligeuze kidogo, njano inatoweka, unaona kipande cha anga: weupe wenye ubluu kwa mbali. Jani halijabadilika, limekuwa kioo. Sasa zidisha hilo mara majani elfu kumi ya mti mmoja, kila moja likikuletea kipande chake cha mbingu. Macho yako mawili na ubongo wako vinasamehe jambo hilo, kamera haisamehi.

Dawa yake ni filta ya polaraiza, ile ya duara yenye pete inayozunguka. Nuru inayodunda juu ya nta, maji au mwamba uliolowa hutoka imejipanga upande mmoja, na filta huizuia. Ile inayotoka ndani ya jani, ambayo ndiyo rangi unayoitaka, inapita. Zungusha pete huku unatazama kwenye kioo cha kamera, utaona majivu yanaondoka kama mtu amefuta meza kwa kitambaa. Hakuna programu inayoweza kufanya hivyo baadaye, kwa sababu pale palipokuwa na mng'ao, rangi ya jani iliingia kwenye kamera ikiwa imemezwa na weupe. Programu haijui ipi ni nuru ya jani na ipi ni ya anga.

Wengi huniambia filta hiyo ni ya siku ya jua, ya kufanya anga iwe bluu. Hapana! Kwenye majani ninaitumia zaidi siku ya mawingu na baada ya mvua, maana jani lililolowa ndilo kioo kikubwa kuliko yote. Tena anga ndiyo sehemu ya kuwa nayo makini. Ukiwa kwenye milimita 24, filta itakuachia doa jeusi upande mmoja wa anga na weupe upande mwingine. Na ukipanda juu milimani, karibu mita 3,000, bluu ya anga tayari ni nzito; ukizungusha pete mpaka mwisho inakuwa kama usiku umeingia saa nane mchana. Izungushe nusu, au liache anga nje ya picha.

Filta hiyo inakula mwanga, kati ya stopu moja na mbili (kila stopu ni kupunguza mwanga kwa nusu). Hapa tripodi huwadanganya watu. Kikonyo cha jani la aspeni, na la kotonwudi vilevile, kimebapa, ndiyo maana majani hayo hutetemeka hata upepo usipoonekana. Tripodi inashika kamera, haishiki jani. Panda ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, hadi 400 au 800, upate shata (muda wa kamera kufunguka) ya 1/250 ya sekunde, usiogope chembechembe. Jani lililotikisika halina tiba.

Sasa baka la njano. Hili ndilo ningependa ulisome mara mbili.

Njano kwenye kamera haipo. Kuna nyekundu, kijani na bluu. Jani la njano lililopigwa na jua lina nyekundu juu kabisa, kijani karibu yake, na bluu imelala chini. Nyekundu ikigonga dari, yaani 255, namba ya juu kabisa kwenye JPEG, inasimama hapo. Sehemu ya jani yenye mwanga zaidi ni 255, yenye mwanga kidogo pungufu nayo ni 255. Mshipa ulikuwa ni tofauti kati ya sehemu hizo mbili. Tofauti imekufa, mshipa nao umekufa.

Utaniambia ulitazama histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye kioo cha kamera, haikugusa ukuta wa kulia. Naamini. Histogramu ile nyeupe ni ya mwangaza wa jumla, na katika hesabu yake kijani ndiyo inayobeba uzito mkubwa, nyekundu inahesabiwa kidogo. Nyekundu inaweza kufurika kabisa na ile nyeupe ikakuonyesha mambo ni shwari. Kwa miti ya mepo yenye majani mekundu, kwenye makorongo ya milima ya Wasatch, ni mbaya zaidi: histogramu nyeupe inakaa katikati, umetulia, kumbe jani limeshateketea. Ingia kwenye menyu, washa histogramu ya rangi tatu, uangalie nyekundu peke yake. Ikigusa ukuta, punguza theluthi mbili za stopu, piga tena. Na mtindo wa picha wa kamera uweke wa kawaida, usiwe ule wa "mandhari" au "rangi kali", kwa sababu histogramu unayoiona inachorwa kutoka JPEG ya mtindo huo. Ukiiachia kamera ikoze, kipimo chako kinasema uongo kabla hujafika nyumbani.

Mizani ya weupe, yaani jinsi kamera inavyoamua nuru ni ya joto au ya baridi, nayo usiiache ijiamulie. Zion ina kuta za mawe ya mchanga mwekundu zenye kimo cha mamia ya mita. Ukuta mmoja ukipigwa na jua, unamwaga nuru ya joto juu ya miti iliyo kivulini upande wa pili, na hapo ndipo kotonwudi huwaka kana kwamba zina taa ndani. Kamera ikiachwa ichague yenyewe, inaona "pamezidi uchungwa", inapoza. Iweke kwenye alama ya jua, uiache hapo. Na saa hiyo, ukuta mmoja juani na miti kivulini, ni bora kuliko saa uliyopiga wewe, jua likiwa juu ya majani yenyewe. Kama lazima upige majani yenye jua, zunguka, jua liwe nyuma yake. Nuru ikipita ndani ya jani, inakuja na rangi.

Kuhusu rafiki yako. Simjui, sitaki kumvunjia heshima, lakini biashara hii naijua, kwa sababu mwaka wangu wa kwanza huku na mimi nililiwa. Nilinunua pakiti, nikaipaka juu ya picha ya aspeni, kwenye simu ilipendeza kupita kiasi. Nikaichapisha sentimita 60 kwa 90 kwa ajili ya ukumbi wa watu. Ilipofunguliwa, katikati ya picha palikuwa na kitu kama karatasi ya manila ya njano iliyobandikwa kwenye vigogo vyeupe. Mzee mmoja aliyekaribia kuitazama akaniuliza kama ile sehemu bado haijakauka.

Priseti ni nini? Ni orodha ya namba za vitelezi, vile vya kupandisha na kushusha rangi na mwanga kwenye programu ya picha, alizoziweka mtu mwingine, kwa picha nyingine, chini ya nuru nyingine. Haijui kama jani lako lilikuwa kivulini au juani. Itazame ile picha ya "kabla" wanayoitangazia: imefifishwa makusudi. Mwanzoni walikuwa wanakoza tu. Siku hizi wanachukua msitu wa kijani wa Juni, wanakisukuma kijani kiwe chungwa, wanaandika "vuli". (Sisi tuliokulia Afrika Mashariki vuli kwetu ni mvua, lakini hilo ni la siku nyingine.) Kisha familia inaendesha gari kwa muda wa saa tano kwenda kutafuta rangi ambayo haikuwahi kuwepo kwenye mti ule, na wakikuta njano ya kawaida wanadhani wamechelewa.

Wala ugonjwa haujaishia milimani. Vijana wa Dar es Salaam na Nairobi wanaopiga harusi wananiletea kazi zao niwakosoe, na nyingi zimepakwa pakiti ile ile ya chungwa. Bibi harusi mweusi anatoka rangi ya tofali, gauni jeupe limekuwa chai ya maziwa, majani ya bustani yamekuwa kahawia. Ukimuuliza kijana nuru ilitoka wapi siku hiyo, hakumbuki. Ukimuuliza pakiti imetoka wapi, anakutajia jina, bei na ukurasa. Mtu anayeuza rangi kwa kopo hana haja wewe ujifunze kuangalia jani, maana siku ukijifunza hutarudi kununua toleo la pili. Na toleo la pili huwa lipo.

Tukirudi kwa picha zako, JPEG zisahau. Fungua RAW; mara nyingi inabakiza nyekundu ambayo JPEG ilishaitupa. Shusha sehemu zenye mwanga mkali, kisha nenda kwenye kitelezi cha njano na ukipunguze. Ndiyo, punguza ukolezo wa njano, kumi au kumi na tano, na ishushe mwangaza kidogo. Utaona mishipa inajitokeza mmoja mmoja kwenye yale mabaka ambayo hayakuteketea kabisa. Zile zenye majivu ziache, utazipiga upya mwakani.

Kuhusu filta, geuza lenzi yako uitazame mbele, au ndani ya kifuniko chake. Kuna alama ya duara lililokatwa mstari na namba: 67, 77 au 82. Hicho ndicho kipimo cha kununua. Na kabla hujafuta chochote, nitumie RAW moja ya yale mabaka, usinitumie picha ya skrini, nikufungulie nyekundu peke yake uone.