Bwana harusi kavaa kanzu nyeupe, uso hauonekani

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Tandahimba, nimeanza kupiga picha za harusi kwa simu. Bwana harusi akisimama nje saa saba mchana na kanzu nyeupe, uso unatoka mweusi tii, macho hata huyaoni. Wateja wanalalamika. Mwenzangu anasema simu hizi hazipatani na ngozi nyeusi. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Ngozi ya bwana harusi haina kosa, na simu yako si mbovu. Shida iko kwenye kupima mwanga. Kamera hukusanya mwanga wote ulioingia kwenye fremu, kisha huutafutia wastani, kama vile kila kitu duniani kina rangi ya kijivu. Sasa ukiijazia kanzu nyeupe, ukuta uliopakwa chokaa na mchanga unaowaka, yenyewe inaona mwanga umezidi na kuupunguza. Kanzu inapendeza, uso unazama. Simu nyingi siku hizi hujaribu kuutambua uso, ila kofia ikishaweka kivuli machoni hata hizo huteleza.

Kwa hiyo iambie wewe. Gusa uso wa mtu kwenye skrini na ushikilie kidole mpaka kipimo kijifunge hapo. Kwenye simu nyingi kitatokea kialama cha jua. Kipandishe kidogo kidogo huku unatazama darizi za shingoni mwa kanzu. Nyuzi zikiwa bado zinahesabika, uko salama. Zikigeuka doa jeupe tupu, umezidisha, rudi nyuma. Uso wenye giza kiasi unaweza kuuinua baadaye wakati wa kuhariri, lakini sehemu iliyoungua kwa mwanga ndiyo basi tena.

Halafu muhamishe mtu. Huku kwetu kusini, mwezi wa Oktoba jua la mchana linapita utosini kabisa, na ndio huo msimu wa korosho ambao sherehe zinafuatana. Jua la utosini huchimba mashimo meusi chini ya nyusi, na hakuna simu itakayoyafukia vizuri. Mpeleke barazani, au chini ya mkorosho, lakini ukingoni mwa kivuli, uso ukielekea kwenye uwazi. Ukimwingiza ndani sana, majani yatampaka ukijani na madoa ya jua yatamrukia shavuni. Mpe kijana mmoja shuka jeupe alishike mbele ya bwana harusi, usawa wa kiuno, nje ya fremu. Mwanga utadunda na kupanda usoni, na utaona macho yanafunguka hapo hapo.

Mwenzako naye hajasema uongo mtupu. Kwa miongo mingi, maabara za kusafisha picha za rangi zilirekebisha mitambo yao kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, zilizoitwa kadi za Shirley. Rangi ikikaa sawa kwenye ngozi yake, kazi imekwisha. Ngozi nyeusi haikuwa kipimo cha mtu yeyote, ndiyo maana kwenye picha nyingi za zamani watu wetu wamebaki meno na macho. Mpaka mwaka 2021 Google ilikuwa bado inatangaza marekebisho ya kamera za simu zake ili ngozi za rangi zote zitoke kama zilivyo.

Kwa sababu hiyo nakusihi jambo moja: usitibu uso wenye giza kwa filta ya kung'arisha. Picha ya harusi inatundikwa sebuleni, inatumwa kwa ndugu walioko Dar, na wajukuu watamjua babu yao kwa hiyo. Weusi wake una vivuli vyake, wekundu wa mashavuni, mng'ao wa paji la uso. Mwanga mzuri unavitoa vyote bila kumbadilisha mtu.

Na zungumza na wazee mapema wakupe maharusi dakika kumi hivi saa kumi na moja jioni. Hapo jua limeinama, linaingia hadi chini ya kofia, na hilo shuka hutalihitaji.