Muulize Fundi: Nyumba ya bibi Mji Mkongwe, tuifanye gesti hausi?

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Bibi yetu katuachia nyumba Mji Mkongwe, ghorofa mbili, mlango wa nakshi bado upo, ila juu panavuja na dari ya chumba kimoja imeanza kubonyea. Kaka anataka kila chumba kiwe na choo chake tupangishe wageni, dada anasema tuuze tugawane yaishe. Halafu kuna fundi katuambia tupige simenti kuta zote nje na ndani, eti itakaa miaka mia. Tufanyeje?
*Mjukuu, Unguja*

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Huyo fundi wa simenti mpe chai anywe aende zake. Kuta za nyumba zile ni mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa na udongo, zinavuta maji wakati wa mvua na jua likiwaka zinayatoa, ndo maana zimesimama muda wote huo. Sasa wewe ukiziba kwa simenti maji yanabaki humo humo, chumvi inapanda, chokaa ya ndani inageuka unga, na baada ya misimu kadhaa plasta inadondoka mabamba mabamba na vipande vya jiwe vinatoka nayo. Chokaa kwa chokaa, basi. Iloweke mapema iive vizuri, usichanganye leo ukapiga leo, na ukuta ulioloa uache ukauke kwanza hata kama wapangaji wanagonga mlango.

Dari nayo. Vile vyumba vyembamba virefu wanavyovilalamikia wengi havikupangwa kwa ubahili, urefu wa boriti za mikoko ndo ulioamua upana wa chumba, kama mita tatu hivi, kwa hiyo msije mkavunja ukuta wa kati mpate sebule kubwa kama za kwenye tivii. Boriti huwa inaoza kwanza kwenye ncha iliyoingia ukutani, pale pasipoonekana, na sababu karibu kila mara ni maji kutoka juu. Wekeni nguzo za kuegemeza sasa hivi, tafuteni panapovuja, na kama kuna tanki la maji juu ya paa lishusheni leo leo maana lita elfu moja ni tani nzima hiyo mmeibebesha nyumba ya wazee. Boriti mbovu zitolewe moja moja, ziwekwe nyingine. Mkishauriwa kumwaga zege juu kataeni, uzito ule kuta hazikujengwa kuubeba.

Haya, kaka na vyoo vyake. Mimi nikiulizwa jengo la zamani lifanyiwe kazi gani huwa nauliza vitu viwili tu, kazi hiyo italeta maji kiasi gani na uzito kiasi gani. Vyumba sita vyenye vyoo sita ni mabomba sita ndani ya kuta za chokaa, na mgeni anaoga asubuhi na jioni, wala hajali. Ofisi ya mawakili, darasa la kompyuta, fundi cherehani, duka la vitabu, hawa wote wanashirikiana choo kimoja kutwa nzima. Kwa hiyo ushauri wangu chini pangisheni kazi kavu kama hizo, juu akae mtu wa familia, na kama lazima wageni basi vyumba viwili tu, vyoo vikae upande mmoja kimoja juu ya chengine, bomba lipite upande wa uani mahali likivuja mtaliona.

Dada simlaumu, ushirika wa mirathi unachosha. Ila kabla ya kuuza wala kukarabati hakikisheni nyumba ni yenu kweli, maana pale nyingi ni za wakfu na nyingine zilitaifishwa baada ya 1964. Na msiguse hata dirisha bila kibali cha Mamlaka ya Hifadhi ya Mji Mkongwe, ipo tangu 1985 na kazi yake ndo hiyo.

SWALI: Fundi, mbona kila jumba la kale likitengenezwa linakuwa hoteli ya watalii? Sie wenyeji tunaishia kupiga picha nje.
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Una haki ya kukasirika lakini si kila jumba bwana. Hapo kwenu Ngome Yesu ilikuwa jela kuanzia 1895 mpaka 1958, leo ni makumbusho na watoto wa shule wanaingia. Unguja, Ngome Kongwe inapigwa ngoma na kuonyeshwa filamu, na ile Dispensari ya Zamani ya Tharia Topan, yenye roshani za mbao, ilikarabatiwa miaka ya 90 na Aga Khan ikawa kituo cha utamaduni. Ila nakubali, lile jumba la kale la Mambo Msiige, Unguja, lilivyogeuzwa hoteli ya Park Hyatt, iliyofunguliwa 2015, na jengo jipya kusimamishwa ubavuni hata Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ililalamika. Hoteli ina hela ya kukarabati, hilo ndo tatizo, wengine wote wanakuja na barua ya maombi.

SWALI: Beit al Ajaib, lile Jumba la Maajabu la Unguja, lilianguka likiwa kwenye matengenezo. Si bora haya magofu yabomolewe tujenge upya yafanane?
*Wa Kariakoo, Dar*

JIBU: Lilianguka kweli, tarehe 25 Desemba 2020, watu wawili wakafa, Mungu awarehemu. Lakini kipande chake kilishaanguka 2012 na kabla ya hapo maji yalikuwa yakiingia miaka na miaka, jumba la 1883 hilo, kwa hiyo usiseme matengenezo ndo yameliua, yalichelewa. Na huko kwenu Dar, Boma la Kale lilijengwa miaka ya 1860 enzi za Sultan Majid, likakarabatiwa, sasa ni kituo cha urithi wa usanifu majengo, nenda kaliangalie halafu niambie ungebomoa. Na wenye nyumba za zamani wote mnaosoma hapa, masika haiko mbali, pandeni juu mkazibue mifereji ya paa.