Amlete binti yake Kisumu kwa hila?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Kaka yangu anaishi California. Majuzi aliona jina la kiume kwenye daftari la hesabu la bintiye wa miaka 13. Kumbe ndilo wanalomwitia shuleni, na hakuna mwalimu aliyemwambia. Sasa amekata tikiti. Atamwambia binti wanakuja likizo kwa nyanya yake hapa Kondele, kisha amwache. Dini yaruhusu?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah, dada yangu.

Kaka yako ana haki ya kuumia. Mtume (s.a.w.) amesema kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Sheria iliyopitishwa California mwaka 2024 ilizuia wilaya za elimu kuwalazimisha walimu kuwaarifu wazazi mambo haya bila ridhaa ya mtoto. Watetezi wake wanasema wapo watoto watakaopigwa au kufukuzwa nyumbani. Ni kweli wapo, nami nimewaona hata huku kwetu. Lakini kuwafungia mlango wazazi wote kwa sababu ya hao ni dhuluma.

Ila hiyo likizo ya uongo, hapana. Mama mmoja alimwita mwanawe, "Njoo nikupe." Mtume akamuuliza angempa nini. Akajibu, tende. Akamwambia: usingempa kitu, ungeandikiwa uongo. Hiyo ni tende tu, dada yangu. Huyu atadanganywa avuke bahari!

Kwanza akae naye, amsikilize bila kufoka. Kisha ampeleke kwa daktari, maana huenda ni huntha, yaani aliyezaliwa na jinsia mbili, na huntha ana hukumu zake katika fiqhi tangu zamani. Sensa yetu ya 2019 ilihesabu watu 1,524 wa jinsia mbili, na Sheria ya Watoto ya 2022 inawalinda. Kama si huntha, basi ni binti kama Allah alivyomuumba, na baba asikubali apewe dawa za kuzuia balehe. Hata Uingereza mwaka 2024 waliacha kuwapa watoto dawa hizo kama tiba ya kawaida, kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Lakini kuchanganyikiwa kwa mtoto si kosa la kuchapiwa.

Akitaka kumleta, aje naye, amwambie ukweli kabla ya safari, na tikiti ya kurudi aione kwa macho yake. Nyanya naye aelezwe mapema, asije akayasikia kwa majirani. Na kaka yako anipigie mwenyewe, baada ya Isha ya huku.