Nairobi hadi New York: usihesabu masaa kwa kuangalia tiketi tu

Kila mtu anayeenda New York mara ya kwanza huniuliza swali lile lile, ni masaa mangapi? Kutoka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, hadi JFK, ule wa New York, ni kama kilomita 11,800, na ile ndege ya moja kwa moja ya Kenya Airways iliyoanza Oktoba 2018 huchukua kama masaa 15 kwenda na kama 14 kurudi. Kurudi huwa haraka kwa sababu kule juu kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, mkienda mnapambana nao, mkirudi unawasukuma.

Kinachochanganya watu ni tiketi. Saa ya kuondoka ni ya Nairobi, ya kufika ni ya New York. Tuseme unatoka saa tano usiku unafika saa kumi na mbili asubuhi, unaona aah masaa saba tu, kumbe wenzetu wako nyuma masaa 8 (kuanzia Machi hadi mapema Novemba ni 7), kwa hivyo saba ongeza nane ndio upate 15 zako.

Na tafadhali angalia tarehe! Tiketi ikisema 00:45 Jumanne, wewe unatoka nyumbani Jumatatu jioni. Shemeji yangu alikuwa ameketi anakula ugali Jumatatu usiku, begi hata halijafungwa, anajua safari ni kesho, tukasoma tiketi pamoja tukatoka mbio hadi Mombasa Road na jam ilivyo.

Ukipitia Doha, Dubai, Addis au Amsterdam hesabu masaa 20 kwenda juu, na zile tiketi za bei rahisi sana zinaweza kufika 30 na kitu ukilala eapoti. Mimi naona transiti ya masaa matatu ni nzuri kuliko ya saa moja, ndege ya kwanza ikichelewa kidogo tu unabaki. Kama unaunganisha kwenda Dallas au Minneapolis, jua kwamba pale unapoingilia Marekani ndipo unapita imigresheni, unachukua mabegi yako mwenyewe, unapita forodha halafu unayakabidhi tena, na hiyo foleni haijali una ndege nyingine. Nunua safari yote kwa tiketi moja, ukikosa ya pili ni kazi ya shirika kukutafutia nyingine.

Ukimsafirisha mzazi, omba wiltchea (kiti cha magurudumu) mapema, angalau siku mbili kabla, hata kama anatembea vizuri, maana JFK ni mwendo mrefu. Dawa zake zikae kwenye begi la mkononi, na muulizeni daktari kabla ya safari azimeze saa ngapi masaa yakibadilika. Ndani ya ndege anywe maji, asimame atembee miguu isivimbe.

Anayempokea naye aambiwe, ndege kutua saa kumi na mbili si mama kutoka nje saa kumi na mbili, aongeze saa moja au mbili.