Muulize Dada: Nimepata zuolojia, hela ndo sina

Dada habari za kazi. Mi ni binti wa miaka 20 nipo Mpanda, nimemaliza fomu siksi PCB (fizikia, kemia, bayolojia) nimepata divisheni two na chuo nimeshachaguliwa zuolojia, yaani elimu ya wanyama. Baba alifariki nikiwa la tano, mama anauza dagaa sokoni na nyuma yangu kuna wadogo watatu. Sasa kuna kaka kwenye grupu la WhatsApp anasema ana koneksheni ya skolashipu ya wasichana wa sayansi, nitume elfu hamsini ya fomu. Mama ameshaanza kuzunguka kwa majirani kukopa. Nitume?
*Binti wa Mpanda*

Mdogo wangu usitume, na mama kama keshaipata hiyo hela airudishe leo leo kabla haijala riba ya jirani.

Samia Skolashipu ya serikali ipo kweli, ilianza mwaka wa masomo 2022/23, ila haina kaka wala dada, wanaangalia waliofaulu juu kabisa masomo ya sayansi kidato cha sita na majina yanatangazwa hadharani. Kwa divisheni two sikupi matumaini ya uongo, mlango wako ni Bodi ya Mikopo. Ni deni lile, ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara, lakini yatima mwenye karatasi zake kamili anafikiriwa vizuri tu.

Karatasi sasa, hapo ndo wengi tunaangukia. Mi mwenyewe cheti changu cha kuzaliwa kinasema Athumani, cha kifo cha baba kinasema Asumani, herufi mbili tu na wala sikuangalia, nikaja kushtuka majina yametoka mi simo, nikakata rufaa, na huku nasubiri nimekaa semista nzima bila bumu, yaani hela ya kujikimu ya mkopo, nadoea ugali chumba cha wenzangu mpaka nikawa najua nani anapika saa ngapi. Kwa hiyo leo usiku tandika vyeti vyako vyote kitandani usome jina moja moja, cha kuzaliwa, cha kifo, cha fomu foo, cha fomu siksi. Pakitofautiana nenda ukaape kwa mwanasheria, halafu ndo uvihakiki RITA, wale wa serikali wanaosajili vizazi na vifo. Na kama kaya yenu ipo TASAF, ule mfuko wa kaya maskini, usione aibu, jaza kwenye fomu ya mkopo!

Bumu likiingia nunua kwanza koti la maabara na gambuti za fildi. Vile visu vya kupasulia panya changieni wawili, havitumiki kila siku.

Dada nisaidie, nipo mwaka wa pili bayolojia, mkopo ninao, shida ni kichwa. Nimekula sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, biokemia na jenetikia, naogopa diski, kuondolewa chuo. Nimetoka shule ya kata, praktiko tulikuwa tunachorewa ubaoni. Wenzangu wa shule kubwa wakishika hadubini utadhani wamezaliwa nayo, mi najificha nyuma.
*Wa sapu mbili*

We si kichwa mama, ni mikono haijazoea. Hata mi hadubini niliigusa mara ya kwanza chuo, nikazungusha lenzi mpaka ikapasua kioo cha sampuli, pwaa, maabara nzima kimya! Dawa yake niliipata kwa fundi wa maabara, siyo kwa profesa. Nilimfuata mchana maabara ikiwa tupu nikamwambia mzee wangu naomba unifundishe kuanzia kuwasha, akacheka akanifundisha wiki mbili bure. Wewe nenda pia kwa tutorial asistanti na maswali uliyokosa mkononi, usiende na "sijaelewa topiki yote", atakukimbia. Na acha kudesa, biokemia haidesiki, chora hiyo mizunguko kwa mkono mpaka uione ukifumba macho.

Mi nina masters ya mikrobayolojia, miaka 34, mtoto mmoja, nalea peke yangu. PhD ndo basi tena?
*Mama Junia*

Basi nini? Wangari Maathai, yule mama Mkenya wa kupanda miti, alisoma bayolojia kwa skolashipu Kansas, akamaliza 1964, na PhD yake ya Nairobi aliipata 1971 tayari ana mtoto mkononi. Tafuta OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, makao yake Trieste Italia. Wanafadhili PhD za wanawake, unasoma chuo cha nchi nyingine inayoendelea, na kuna mtindo wa sandwichi, yaani unasajiliwa chuo cha hapa hapa nyumbani halafu unaenda huko kwa vipindi kufanya utafiti. Kwa mwenye mtoto naona hiyo ndo yenyewe. Anza na msimamizi, andika leo, na ongea na bibi yake Junia mapema.