Shairi na Wimbo: Mwache Mtoto Apige Makofi

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha darasa la pili niliandika ubaoni, kwa fahari kubwa, kwamba wimbo huimbwa na shairi husomwa. Mtoto mmoja akanyoosha mkono akasema kuwa babu yake huyaimba mashairi barazani. Sikuwa na jibu, kwa sababu babu ndiye aliyekuwa sahihi: shairi la Kiswahili lina mahadhi yake tangu zamani, na mshairi Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za utunzi cha mwaka 1954, hakulithamini shairi lisiloimbika.

Kwa hiyo nakushauri, mzazi au mwalimu mwenzangu, unapomfundisha mtoto tofauti ya shairi na wimbo, usianze na sauti, bali anza na makofi. Mimi nilitunga mishororo miwili ya mzaha:

Paka wetu wa nyumbani, hapendi kula ugali,
Hujificha uvunguni, akiusubiri wali.

Tulipiga kofi moja kwa kila silabi, na watoto wakagundua wenyewe kwamba kila kipande kina makofi 8 na mshororo mzima 16, huku masikio yao yakinasa "ni" na "li" kabla sijalitaja neno vina, yaani silabi za mwisho zinazofanana. Mmoja alipotaka kuongeza "na maharage" baada ya ugali, darasa zima lilipiga kelele kuwa makofi yamezidi.

Kisha tulitoka uwanjani kucheza wimbo wa kuzunguka duara, nikawataka wayaseme maneno yake wakiwa wamesimama wima, bila kuimba wala kucheza. Walicheka sana, maana yalibaki maneno machache yanayorudiwarudiwa, yenye "eee" nyingi na silabi zisizolingana, kwa kuwa kinachoushikilia wimbo wa namna ile ni sauti, kiitikio na miguu. Paka wetu, kwa upande wake, tulimwimba kwa sauti tatu tofauti na bado makofi yakatimia.

Mashairi huru, yasiyofuata vina wala hesabu ya silabi, niliyaacha kwa makusudi, kwani mabishano ya wanamapokeo wanaoyakataa na wanausasa wanaoyakubali yanaweza kusubiri sekondari. Vilevile, mtoto akikuambia kwamba beti zinazoimbwa katika taarabu ni shairi na ni wimbo pia, usimkatalie. Kwa aliye chini ya miaka sita, usitaje hata mizani, yaani idadi ya silabi katika mshororo. Mwambie ahesabu makofi tu, na ukiona amechoka kwenye mshororo wa pili, mwache akacheze.